Shingo Tupu

Watu wa Nairobi wakisikia natoka Turkana huniuliza mambo mawili tu: njaa na bunduki. Hakuna anayeniuliza habari za samaki. Hakuna anayeuliza kama nina kitanda safi cha kulaza mgeni, na nilikuwa navyo, tena vingi, katika gesti yangu ndogo ya Lodwar, karibu na mto Turkwel. Vyandarua vilifuliwa, mtungi ulijaa maji ya baridi, na mwarobaini mlangoni ulitoa kivuli tangu asubuhi mpaka jua linapochoka. Haikuwa gesti ya kifahari, sisemi uongo. Lakini aliyelala kwangu aliamka ameshiba, na wengi walirudi.

Wageni hao waliletwa na kaka yangu. Yeye ndiye mkubwa, mimi namfuata. Aliendesha gari la porini, kuukuu, mali ya mfanyabiashara mmoja wa pale mjini. Aliwapokea uwanja wa ndege, akawaleta kwangu kula samaki waliofika asubuhi ile ile kutoka Ferguson's Gulf, ghuba ya ziwani, kisha akawapeleka Kakuma kwa Mama. Kutoka hapo walipanda kaskazini, Nakalale kuona ngamia, mpaka Nariokotome kulikopatikana mifupa ya binadamu wa kale. Huko alikuwa akiwaambia, "Karibuni nyumbani, nyote mlitoka hapa." Wazungu waliipenda sana hiyo. Wengine walilia. Mimi nilimwambia kila mara kwamba yeye ni mwongo mwenye leseni, naye alicheka akaomba chai nyingine.

Mama alikaa ukingoni mwa mji wa Kakuma, ng'ambo ya mto mkavu. Alisuka vikapu vya mkoma, akaimba na wanawake wenzake wageni wakija. Ila kilichowashika wageni zaidi kilikuwa shanga zake. Zilianzia mabegani zikapanda mpaka chini ya kidevu, nyekundu, manjano na buluu, zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa. Za kwanza alivishwa na baba yake, nyingine na baba yetu, na kila mwaka wa mvua nzuri ziliongezwa. Siku moja mgeni aliuliza kupitia kwa kaka, "Analala nazo?" Mama akajibu bila kuinua macho kwenye kikapu, "Mwambie na yeye, hiyo pua ndefu hulala nayo?" Sijui kaka alitafsiri nini, lakini mgeni alitabasamu na kununua vikapu viwili.

Alizivua mara moja tu maishani, baba alipokufa. Kwetu mwanamke akifiwa na mume au mtoto huvua shanga, na hilo ndilo tangazo. Hahitaji kusema. Ukimwona shingo tupu unaketi chini, unalia naye. Humwulizi ni nani aliyekufa, humwulizi alikufa vipi. Kuuliza ni kumtia kidole kwenye kidonda. Jina la marehemu litakuja lenyewe, baadaye, machozi yakishapungua. Msiba wa baba ulipokwisha Mama alizivaa tena, na nakumbuka nilivyofurahi, maana nilikuwa nimeiogopa ile shingo yake nyembamba.

Kisha barabara ya kusini, ile ya kwenda Kitale, ikaharibika. Sisemi mashimo, mashimo tumeyazoea. Nasema ngoroko, majambazi wenye bunduki, wa upande huu na wa upande ule, wanaoiba mifugo, na wakiikosa wanapiga magari. Leo lori, kesho basi. Redioni wakatangaza, kwenye televisheni wakatuonyesha, na balozi za nje zikawaambia watu wao wasikanyage Turkana. Turkana yote! Nchi hii yetu ni kubwa kuliko nchi nzima za baadhi yao. Mtu amepigwa risasi mwendo wa siku nzima kutoka kwangu, na mimi ndiye ninayerudishiwa simu kwamba samahani, hatuji.

Walianza mmoja mmoja, kisha wakaacha kuja kabisa. Ndege zilitua bado, lakini zilishusha watu wa mikutano, ambao wanalala kwenye hoteli zenye ukuta na lango la chuma, wanakula posho ya mkutano, wanarudi. Mwanamke aliyeniletea samaki kutoka Kalokol akaanza kuleta mara moja kwa wiki, halafu akaacha. Yule aliyenifulia mashuka akarudi kuchoma makaa. Lori la mboga likawa linasubiri eskoti ya askari huko njiani, nyanya zinafika zimeoza, kitunguu kimoja kimekuwa kitu cha kumpelekea mgonjwa. Wazee wetu wa Kiswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni hakuja, na wenyeji tukaanza kuugua, kila mmoja kwa namna yake.

Waziri alizungumza redioni, akasema usalama ukiyumba utalii huyumba, na utalii ukiyumba uchumi wa taifa huyumba. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa. Nilitaka kumwambia, mzee, njoo uone, hapa hakuna kinachoyumba tena. Kimeshalala. Yule anayeiba ng'ombe huko kwao hajui kwamba amezima jiko langu, na hata akijua, hana habari nami. Hasira niliyokuwa nayo siku zile sikujua niipeleke wapi, nikawa nawagombeza kuku.

Kaka hakuwa mtu wa kugombeza. Alikaa chini ya mwarobaini akifuta gari ambalo halikuwa na vumbi. Mwenye gari alikuja akamwambia wazi: gari lisilo na kazi ni mzigo, matairi yamekwisha, yeye hatatia hata senti. Wageni wakipatikana na matairi yakipatikana, sawa. La sivyo anauza. Na kaka alikuwa ameshapewa nafasi nyingine, akitaka: kuendesha lori la viazi na vitunguu kutoka Kitale mpaka Kakuma. Barabara ile ile.

Tulipokwenda kumwamkia Mama, kaka alimweleza hayo yote, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja kwa Kiswahili, lugha anayoitumia akitaka serikali imsikie: "Lori hapana."

"Mama, sitaki mimi pia. Lakini nikikosa gari nitakula nini?"

"Lori hapana," akarudia, na akaendelea kusuka.

Kama ni Mungu wa kulaumiwa, sijui, lakini mwezi ule ule tulipata ujumbe. Mwalimu mmoja mstaafu, mwenye mvi, aliyewahi kuja na kula samaki wangu mpaka akalamba vidole, aliandika kwamba anamwamini kaka kuliko anavyoiamini televisheni. Ataleta kikundi. Wakirudi salama, atakuwa akileta wengine kila mwaka. Kaka alinisomea ujumbe ule akiwa amesimama, halafu akausoma tena. Nikatoa mashuka yote kabatini, nikaanza kufua. Nilikuwa naimba, mimi ambaye sauti yangu hufukuza mbuzi.

Yakabaki matairi. Na siku chache baadaye Mama akamtumia kaka pesa kwa simu ya jirani. "Nimeuza mbuzi," akasema. Kaka akashangaa, maana mbuzi wenyewe walikuwa mifupa na pembe, lakini ni nani atamhoji mama yake juu ya mbuzi? Akanunua matairi, akalipeleka gari kwa fundi hapa Lodwar, simu yake akaiacha kwa kinyozi ipate chaji.

Mbuzi hakuuzwa. Kulikuwa na mwanamke sokoni Kakuma aliyenunua shanga za zamani na kuzipeleka kwa maduka ya Nairobi. Mama alikwenda kwake akaketi kwenye kigoda, akakata nyuzi kwa kisu chake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Yaliyofuata alinisimulia yeye mwenyewe, tena akinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyewaliza watu.

Alirudi nyumbani shingo tupu, akachukua mtungi kwenda bombani. Asubuhi ile kulikuwa na habari kwamba gari limepigwa risasi kwenye njia ya Lodwar na Kakuma, upande wetu sasa, ambako hakukuwa na vita hivyo. Hakuna aliyekufa, lakini hilo halikujulikana bado. Wanawake bombani walikuwa wakilizungumza jambo hilo, wakainua macho, wakamwona mama wa dereva anakuja hana shanga. Mmoja akaweka mtungi chini, akaketi mchangani, akaanza kulia. Wa pili akafuata. Kisha wote.

Hapo sasa ndipo palipo na mambo. Mama hakuwauliza wanalia nini. Ataulizaje? Aliona wanawake wanalia, akajua mwenzao mmoja amefiwa, na kwetu humwulizi mfiwa. Akaweka mtungi, akaketi katikati yao, akalia nao kwa moyo wote. Alimlilia huyo asiyemjua, akamlilia na baba yetu humo humo, na shanga zake, na mwaka mbaya. Kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kuamini. Wakamsindikiza mpaka nyumbani, yeye akifikiri wanamsindikiza mwenye msiba na kwamba nyumba ya msiba iko mbele kidogo. Alipoona wote wanaingia kwake ndipo akauliza, "Kwani amekufa nani?" Wakamwonea huruma zaidi, wakadhani akili imemruka.

Mimi nilikuwa jikoni nasugua masufuria kwa ajili ya wageni. Simu ikalia, binamu yetu wa Kakuma.

"Pole sana, dada."

"Pole ya nini?"

Halafu nikasikia vilio nyuma yake. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nilikuwa nimefika barabarani bila viatu, mchanga unaniunguza, nampigia kaka simu inaita tu, na kinyozi hajibu simu za watu. Nikaketi pale pale chini nikapiga yowe. Watu wakakusanyika. Kisha nikasikia sauti juu yangu, "Ala! Nani amekufa?" Nikainua macho. Kaka yangu, mikono imejaa grisi, anatafuna kipande cha mandazi.

"Wewe!" nikamwambia. "Wewe, mbwa wewe!" Nikampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha nikamshika shati nikakataa kuliachia. Alicheka mpaka akaona machozi yangu, ndipo akaacha.

Tulikwenda Kakuma kesho yake kwa gari lenye matairi mapya. Watu walimshika mikono, wakamgusa uso, wengine wakimwita mzimu na kucheka. Yeye hakuwasikia. Alikuwa anaitazama shingo ya Mama. Ilikuwa imekonda, ngozi iliyokuwa chini ya shanga nyeupe kuliko ya uso, yenye mistari mistari.

"Mama, mbuzi gani huyo?"

"Mbuzi ni mbuzi."

"Mama."

"Yako wapi hayo matairi?" akasema. Akatoka nje, akayazunguka yote, akayapiga kila moja kwa kofi kama mtu anayenunua fahali. "Hizi ndizo shanga zangu sasa. Endesha." Kaka akaketi mchangani, akafunika uso kwa mikono yenye grisi.

Jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko mto Turkwel, akasema pale mlangoni, "Ashukuriwe Mungu. Lakini mnajua, lisemwalo lipo, kama halipo laja." Nilimrukia. Haki ya nani, kama si binamu yangu kunishika kiuno, ningemng'oa nywele. Nilimwambia arudi kwake akaoshe ulimi. Mama akaniambia nikae, huyo ametoa methali tu.

Lakini uvumi ulikuwa na miguu yake. Vijana walikuwa wameshaweka picha ya kaka kwenye mitandao, pamoja na mshumaa unaowaka, na maneno kwamba dereva maarufu wa watalii ameuawa. Picha nzuri, nadhani ni mgeni aliyeipiga, kaka anacheka. Mwalimu wetu mwenye mvi aliiona huko kwao. Akatuma rambirambi ndefu. Kaka akampigia, akamwambia mimi ni mzima, nasikia njaa tu. Mzee alilia kwa furaha. Kisha akasema kwamba wenzake wameogopa, watoto wao wamewakataza, na kampuni ya bima haitaki kusikia jina la Turkana. Hata kama hukufa wewe, alisema, gari limepigwa kweli, sivyo? Kaka akakubali, kwa sababu ni kweli gari lilipigwa.

Ndivyo inavyokuwa. Wenye bunduki hawakumgusa kaka yangu siku ile wala hawakumjua. Walipiga risasi kwenye bati la gari la mtu mwingine, na kazi yetu ikafa hapo. Mwenye gari akauza gari lake pamoja na matairi ya Mama. Nililiona baadaye mjini limebeba mbao, nikageuza uso.

Kaka akachukua lori.

Alikuja kuniaga akiwa na blanketi na birika. Nikamwambia maneno mengi ya hasira, nikamwita kichwa kigumu, nikamwambia akifa nisiitwe. Nilijua hana njia nyingine, na yeye alijua ninajua. Akaomba chai. Alikunywa taratibu, akasema gesti imekuwa kimya sana, afadhali kuku wangelala kwenye vitanda. Kwa Mama hakwenda kuaga. Alimpigia simu akiwa ameshapita mji, na Mama akamwambia, "Haya, ejok," ile salamu yetu ya heri, akakata.

Kwa muda ilikuwa sawa. Akija Kakuma na viazi alimpitia Mama na kumwachia vitunguu. Shingo tupu ya Mama watu wakaizoea. Mwanzoni walitaniana naye, "Leo tusilie?" Baadaye hawakutania tena, ikawa ndiyo shingo yake. Mimi nilifunga vyumba vyote isipokuwa kimoja, vingine nikampangisha mchuuzi wa makaa aweke magunia. Mashuka niliyokuwa nimeyafua nikayakunja, nikayarudisha kabatini.

Habari ilinifikia mchana. Utingo wake ndiye aliyepiga, amejeruhiwa mkono, anazungumza kama mtu aliye ndani ya kisima. Hakusema pole. Alisema, "Dada, safari hii ni kweli." Sikupiga yowe. Nilivaa viatu. Hilo bado linanishangaza, kwamba nilitafuta viatu vyangu nikavifunga kamba vizuri.

Nilifika Kakuma nyuma ya eskoti. Mama alikuwa chini ya kibanda anasuka kikapu ambacho hakuna wa kukinunua. Aliniona nikishuka peke yangu. Hakuniuliza kitu, mikono yake miwili ikapanda moja kwa moja mpaka shingoni, ikashika, ikakosa. Ikabaki pale pale, vidole vinapapasa ngozi. Aliniangalia kama mtoto aliyeibiwa. Nikamkumbatia, mikono yake ikiwa bado katikati yetu, nikalia, na yeye hakulia.

Tulikaa hivyo mpaka wanawake wakaanza kupita kwenda bombani. "Ejok," wakasema. "Ejok," akajibu. Wakapita. Waliona shingo ile ile ya kila siku. Nilitaka kuinuka niwaambie, akanishika mkono. Mwenye kusema kwa mdomo ni mtu wa serikali, au mgeni. Sisi hatusemi.

Kisha akanituma dukani kwa Msomali. Nikauliza ninunue nini, sukari? Akasema, "Shanga."

Nikanunua zilizokuwepo, za plastiki, nyekundu, zile wanazovaa watoto wa shule siku ya michezo. Nilizileta nikiwa na aibu. Mama alizichukua, akajipaka mafuta shingoni kwanza, bila haraka, kama alivyokuwa akifanya wageni walipokaribia kufika. Akazivaa uzi mmoja mmoja. Hazikufika hata mfupa wa koo. Akatoka nje, akasimama njiani wanaporudia wanawake wa maji, kisu chake mkononi.

Walipomwona na shanga walifurahi, masikini. Mmoja akapiga kigelegele. Mama akangoja mpaka wote wamekaribia na kunyamaza. Akaingiza kisu chini ya nyuzi, akazikata.

Mitungi ikawekwa chini.